Neno Lisilo na Mwenyewe

Kutoka Busia hadi Jinja, pale Nile inapoliacha Ziwa Victoria, hapafiki kilomita 130. Kutoka Malaba, mwamba wa Tororo ni mwendo mfupi wa gari, na ukiendelea kupita Mbale unapanda hadi maporomoko ya Sipi kwenye mabega ya Mlima Elgon. Familia iliyotaka kutembea huko likizo ya Desemba ilizoea kuuliza jamaa wa ng'ambo, maana Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Baadaye ikaja Google. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa 2022, wako wanaoiachia akili mnemba iwapangie safari nzima, siku kwa siku. Wengi huona hapa suala la wepesi tu. Mimi naona swali kongwe la dini na falsafa: neno la nani lifuatwe, na kwa sababu gani? Jibu ninalolitetea ni hili: neno la kutegemewa ni lile lenye mwenyewe, yaani mtu au taasisi inayoweza kuulizwa na kuwajibika. Msaidizi wa akili mnemba anaweza kusema mengi ya kweli, lakini neno lake halina mwenyewe.

Mtambo wa kutafutia hukuletea orodha: ukurasa wa idara ya uhamiaji, wa hoteli, wa msafiri aliyepita. Kila ukurasa una aliyeuandika, na mara nyingi una tarehe. Msaidizi huyasaga maandishi mengi na kutoa kauli moja laini, akikisia neno gani lafaa kufuata jingine. Mpaka wa Busia unaonyesha hatari yake. Zamani msafiri aligongewa muhuri wa kutoka Kenya, akatembea, kisha akapanga foleni nyingine upande wa Uganda. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa Februari 2018, kazi zote mbili hufanyiwa ndani ya jengo moja, katika nchi unayoingia. Maelezo ya zamani hayajafutika mtandaoni. Kwenye orodha utaona yameandikwa 2015 na kuyaweka kando. Kwenye kauli iliyosagwa, ya 2015 na ya leo hukaa sentensi moja bila alama ya mshono. Vilevile, kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, ilhali maelezo mengi ya Kiingereza kuhusu mpaka huu yameandikwa kwa ajili ya watalii wa mbali wenye pasipoti na viza. Jibu linalotokana na wingi wa maandishi huelekea kumjibu mgeni huyo hata anapouliza mwenyeji.

Dini zetu zilikutana na tatizo hili mapema. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Walidai isnadi, mnyororo wa waliopokea habari, jina kwa jina, wakachunguza kila mmoja alikuwa mkweli na mwenye kumbukumbu kiasi gani. Kurani, katika Sura ya Hujurat, inaagiza habari ya fasiki ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi, na Torati hairidhiki na shahidi mmoja pale mtu anaposhtakiwa. Sababu si kwamba mashahidi wana hekima kuliko wengine. Ni kwamba shahidi huitwa, huulizwa na hubanwa. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya jirani na Busia, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliongeza tofauti nyingine muhimu. Aliwahoji wazee wenye busara akawagawa mafungu mawili: wanaosimulia vizuri yale ambayo jamii yao imekwisha kuyasema, na wanaoyapima, wakayakataa yasiyosimama na kutoa sababu. Kwa kipimo hicho, msaidizi ni msimulizi hodari wa fungu la kwanza. Hata anapotoa sababu, hakuna anayesimama nyuma yake kuilinda.

Kuna waliojaribu kulikwepa waziwazi jukumu la kusimama nyuma ya neno lao. Mwaka 2024 shirika la ndege la Air Canada lilidai mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia kwamba programu yake ya mazungumzo, iliyompotosha abiria kuhusu nauli ya msiba, inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Baraza lilikataa, likaamuru abiria afidiwe. Uamuzi ule ni wa haki kwa sababu ulilirudisha neno kwa mwenyewe. Lakini kuhusu foleni ya Malaba au kadi ya chanjo ya homa ya manjano, msaidizi wa jumla hakutumwa na mamlaka yoyote ya mpakani. Ukipotoshwa, utamshtaki nani?

Kuna pingamizi zenye uzito. Ya kwanza, mtambo wa kutafutia nao si mtakatifu: matangazo ya kulipiwa hukaa juu, na mpangilio wake hufuata kanuni tusizozijua. Ni kweli, lakini bado unakuachia mashahidi wengi uwalinganishe, na kazi ya kupima inabaki kwako. Ya pili ni ya haki: bando ni ghali, kurasa nyingi ni za Kiingereza, na msaidizi hujibu kwa Kiswahili kwa sekunde chache. Hili silipuuzi. Hata hivyo, asiye na pesa za kupoteza ndiye anayeumizwa zaidi na kosa. Familia ikidaiwa kadi ya chanjo ambayo haikuambiwa iibebe, inaweza kurudi nyumbani na nauli ya watu sita imekwisha. Ya tatu, wasaidizi wa sasa hutaja vyanzo. Vema, ila chanzo ambacho hukukifungua ni shahidi aliyetajwa jina bila kuitwa barazani.

Itasemwa pia kwamba wanadamu hudanganya, na mpakani hasa. Mtazame basi mbadilishaji wa pesa pale Busia, na mabunda ya noti mkononi. Anahesabu mbele yako, anakukabidhi, nawe unahesabu tena kabla hujaondoka. Hakuna anayedhani huyo ni malaika. Biashara inawezekana kwa kuwa yupo pale, uso kwa uso, noti zikipungua atadaiwa. Basi msaidizi apewe kazi anayoiweza: kukupangia maswali, kukukumbusha usilolijua, kutafsiri ukurasa mgumu. Jibu la mwisho liombwe kwa mwenye neno, awe ofisa wa uhamiaji, mwenye nyumba ya wageni kule Jinja, au shangazi wa Tororo, ambaye asubuhi ya safari simu yake bado inapokelewa.