Kidokezo cha haki

Arthur Wynne alitoa fumbo lake la maneno katika gazeti la New York World Desemba 21, 1913, na miaka ya 1920 Waingereza wakaanza kulitungia vidokezo vya hila, vinavyosema hili na kukusudia lile. Wapo watakaodai Kiswahili hakiwezi mchezo huo kwa kuwa ngeli hutoboa siri: ukisema "huyu" umeshataja kiumbe, ukisema "hili" umeshamwondoa. Hoja ina uzito. Lakini tazama kidokezo hiki cha herufi tatu: "Hutembea upande ufukweni, huunguza vidole jikoni." Jibu ni kaa. Kiambishi hu- hakibebi ngeli yoyote, basi mnyama wa pwani na kipande cha moto wanajificha pamoja nyuma yake. Sarufi ileile iliyolaumiwa ndiyo inayofunika, na kwa ustadi ulioje! Atakayeuita udanganyifu asome tena: kila nusu ni kweli tupu, na anayekwama kwenye moja anaokolewa na nyingine. Kidokezo kinachodai kisawe cha kamusi tu ndicho kinachomwonea msomaji, kwani asiyelijua neno hana njia nyingine ya kulifikia.