Bomu Hilo ni la Nani?

Kila Korea Kaskazini inapofyatua kombora, barazani kwetu huzuka mabishano yale yale, nami nimeyasikiliza kwa miaka mingi kiasi cha kujua nani atasema nini. Mmoja atasema mtawala wa Pyongyang ni mwendawazimu, anyang'anywe silaha zake kabla hajatuangamiza sote. Mwingine, na huyu ndiye anayeungwa mkono na wengi, atauliza: wenzake wanazo, yeye azikose kwa nini? Kosa lake ni kukataa kuburuzwa.

Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1970, unazitambua nchi tano tu kuwa na haki ya kuitwa zenye nyuklia: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China. Sifa yao ni moja, kwamba walikwisha kulipua bomu kabla ya mwaka 1967. Ni kama kusema aliyekwisha kuiba ng'ombe kabla ya sheria kutungwa abaki na ng'ombe wake. Nchi hizo ziliahidi kujadiliana kwa nia njema hadi silaha hizo ziondolewe. Zaidi ya nusu karne imepita, na mabomu bado yanahesabiwa kwa maelfu. Tena sisi Waafrika tuna kumbukumbu zetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotengenezewa mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, kwa wenzetu wasemao Kiswahili, na hakuna mchimbaji aliyeambiwa anachimba nini. Ufaransa nayo ililijaribu bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, tarehe 13 Februari 1960, huku Nkrumah akipiga kelele bure.

Wala mtu hahitaji kuwa mwendawazimu ili aogope kuzisalimisha. Gaddafi alitangaza kuachana na mpango wake wa nyuklia mwaka 2003. Mwaka 2011 aliuawa, baada ya ndege za nchi za Magharibi kuwasaidia waasi. Mtawala yeyote anayejua kusoma atakuwa amelisoma hilo.

Hadi hapo nipo pamoja na wanabaraza wenzangu. Tunaachana pale wanapotoka kwenye kulaumu wakubwa na kuingia kwenye kumshangilia mdogo. Nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, mwanafunzi wa kidato cha pili alikutwa na kisu chini ya godoro. Alijitetea kwamba wakubwa wa bweni lile wanavyo. Tulipekua, tukavikuta vitatu. Kijana alisema kweli, na utetezi wake uliwatia hatiani wale wakubwa, nao waliadhibiwa ipasavyo. Lakini haukumpa usalama wowote mtoto aliyelala kitanda cha jirani. Kwake yeye, usiku ule visu vilikuwa vinne badala ya vitatu.

Na Korea hii tunayoisifu kwa kujilinda ni ipi hasa? Tangu mwaka 1948 imetawaliwa na babu, mwana na mjukuu. Katikati ya miaka ya 1990 njaa ilipoipiga nchi ile, waliokufa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na wapo wanaokadiria zaidi ya milioni. Mwezi Agosti 1998, misiba hiyo ikiwa mibichi, serikali ilirusha roketi iliyopita juu ya Japani. Majaribio sita ya bomu yakafuata kati ya 2006 na 2017. Niambie, ndugu msomaji, mama aliyezika watoto katika mji wa Hamhung aliulizwa lini kama anataka roketi au mahindi? Haki ya kujilinda ni ya taifa. Mtu anayeitumia kwa jina la watu waliofungwa midomo anajilinda mwenyewe, analinda kiti chake, kisha anakiita kiti hicho nchi.

Nikisema hivi kuna rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu mstaafu na mbishi wa kuzaliwa, hunigeuzia kibao. Huuliza: kwani Wamarekani waliulizwa? Hapo ananibana, kwa sababu hawakuulizwa. Truman mwenyewe alielezwa habari kamili za bomu baada ya kuapishwa, Aprili 1945, na kabla ya miezi minne kwisha Hiroshima ilikuwa majivu. Uingereza, Attlee na mawaziri wachache waliamua kutengeneza bomu Januari 1947 bila Bunge kujulishwa. Hata leo rais wa Marekani hahitaji idhini ya mtu yeyote ili kutoa amri ya kufyatua. Silaha hii, kwa jinsi ilivyo, humfanya hata kiongozi aliyechaguliwa kwa kura awe mtawala wa imla kwa zile dakika chache ambazo ndizo zenye maana.

Hata hivyo tofauti ipo. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Kiingereza, alifungwa siku saba mwaka 1961, akiwa na miaka 89, kwa sababu ya kuandamana kupinga silaha za nyuklia. Alitoka, akaendelea kupinga. Nchini kwake bomu lilibaki, lakini kulikuwa na mtu wa kusema hapana hadharani, na kesho yake akasikika tena. Pyongyang, ambako redio hutengenezwa zikiwa zimefungwa kwenye vituo vya serikali tu, Russell wao hatumjui kwa jina.

Wale wa hoja ya kwanza nao wana dawa yao, vikwazo. Baraza la Usalama limevirundika tangu 2006: makaa ya mawe, samaki, mafuta. Sijapata kukubali adhabu ya kuchapa darasa zima kwa kosa la mmoja, hasa pale ambapo mkosaji ndiye anayegawa chakula cha mchana. Napendelea mazungumzo, hata na mtu mbaya. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1994 yalikuwa na matundu mengi, lakini yalikisimamisha kinu cha Yongbyon kwa takriban miaka minane, jambo ambalo vitisho havijapata kulifanya.

Nchi moja tu imetengeneza mabomu yake yenyewe kisha ikayavunja, nayo ni Afrika Kusini. De Klerk alilitangazia Bunge jambo hilo Machi 1993: yalikuwa mabomu sita yaliyokamilika. Tusiwapambe makaburu kwa uungwana ambao hawakuwa nao. Wengi husema hawakutaka yaangukie mikononi mwa watu weusi, nami sioni sababu ya kuwabishia. Lakini tazama saa yenyewe: bomu lilivunjwa wakati wenye nchi walipokuwa wakikaribia kuichukua nchi yao. Mandela alipoingia madarakani mwaka 1994 hakuagiza jingine, na mwaka 1996 mkataba wa kuifanya Afrika bara lisilo na silaha za nyuklia ukapewa jina la Pelindaba, mahali penye kituo chao cha utafiti wa nyuklia.

Korea Kaskazini imekwenda njia nyingine. Septemba 2022 bunge lake lilipitisha sheria kuhusu silaha hizo, na Kim Jong Un akatangaza kwamba hadhi ya nchi yake kama dola ya nyuklia sasa haitarudi nyuma. Sheria hiyo inataja pia ni nani mwenye uamuzi wa mwisho juu ya silaha zote za nyuklia za nchi. Ni yeye peke yake.