Gunia la Mahindi na Ini la Mwenzio

Katika mambo ambayo watu huulizana barazani, na kila mmoja akaondoka na rai yake, ni hili: mtu aliyeuza chakula chenye sumu, naye hakujua kuwa kina sumu, je, ana lawama au hana? Wengi hujibu upesi kuwa hana, kwa kuwa asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Jawabu hii ina haki ndani yake, lakini haikutimia, na kutotimia kwake kwaweza kuua watu. Tutalieleza jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani.

Kiambere ni mahali katika nchi ya Mbeere, kaunti ya Embu, kandokando ya mto Tana. Sisi wa pwani twapajua zaidi kwa jina la bwawa lake na mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 1988. Maji yapitayo pale huteremka Garissa, Hola na Garsen, mpaka yakamwagika baharini upande wa Kipini. Ng'ambo ya bwawa hilo ni Kitui. Nchi yote hiyo ni kavu. Mvua hukosa mara nyingi, na mavuno yakikosa watu wa huko hununua mahindi sokoni kama tununuavyo sisi mjini.

Mwaka 2004, kuanzia Januari mpaka Julai, maradhi yalizuka katika nchi hizo za ukame, na yaliyopatwa zaidi ni majimbo ya Makueni na Kitui. Watu waligeuka macho kuwa manjano, matumbo yakavimba, na maini yao yakashindwa kazi. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na katika hao walikufa 125. Haikuwa homa wala uchawi. Ilikuwa ni sumu iitwayo aflatoksini, itokanayo na kuvu linaloota juu ya mahindi yaliyowekwa na unyevu wake.

Waganga walifanya uchunguzi. Waliwachukua wagonjwa 40 wakawalinganisha na wazima 80 wa vijiji vile vile, wakaona kuwa mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na kwamba virusi vya homa ya ini aina B vilikuwa vingi zaidi kwa wale waliougua. Wengine walikwenda masokoni, wakapima vyakula vya mahindi 350 kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Katika kila 100, vipatavyo 55 vilipita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya Kenya wakati ule, nacho ni sehemu 20 katika sehemu bilioni moja. Basi msomaji na atafakari: zaidi ya nusu ya chakula kilichopimwa sokoni hakikufaa kuliwa, nacho kilikuwa kikiuzwa na watu kama mimi na wewe.

Sumu hii ina sifa tatu zinazoifanya kuwa mtihani wa dhamiri. Ya kwanza, haina ladha wala harufu ya kumwonya mlaji. Punje yaweza kuwa nzuri machoni na imo ndani yake. Ya pili, moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva, sumu imebaki. Ya tatu, ikiliwa kidogo kidogo haiui leo. Huingia katika ini, na ini likiwa katika kazi yake ya kuusafisha mwili huigeuza ikawa kali zaidi, ikashika chembe za urithi na kuziharibu. Baada ya miaka huzuka saratani. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliithibitisha aflatoksini mwaka 1987 kuwa ni yenye kuleta saratani kwa wanadamu. Na huko Shanghai, uchunguzi wa wanaume zaidi ya 18,000 ulionyesha kuwa mwenye sumu hii mwilini hatari yake ya saratani ya ini huzidi kiasi cha mara tatu. Mwenye virusi vya aina B, kiasi cha mara saba. Na mwenye vyote viwili, karibu mara sitini.

Mtu aweza kusema: "Zama zetu ni zama za elimu. Ini likiharibika hubadilishwa." Ni kweli kuwa jambo hili limewezekana. Daktari Thomas Starzl alilijaribu mara ya kwanza katika mji wa Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa hakupona. Mwaka 1967 ndipo alipopatikana mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Leo huwezekana hata kukata kipande cha ini la mtu aliye hai akapewa ndugu yake, kwani ini lina ajabu ya kuota tena. Lakini tiba hii ina mipaka. Uchunguzi uliotolewa Milan mwaka 1996 ulionyesha kuwa mwenye saratani ya ini hufaidika na ini jipya ikiwa uvimbe ni mdogo: mmoja usiozidi sentimita tano, au usiozidi mitatu, kila mmoja usiopita sentimita tatu. Mkulima wa Kiambere, au mchukuzi wa Mombasa, hufika hospitali uvimbe umekwisha kupita vipimo hivyo. Na yule aliye ndani ya vipimo, mara nyingi njia yake ni kusafiri mpaka India, kwa gharama ambayo shamba likiuzwa haitoshi. Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe maskini hana uwezo wa kuujenga.

Na katika tiba hiyo hiyo mna funzo kubwa. Mwaka 1988 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walikutana Jeddah wakalitazama suala la kutoa kiungo cha mtu kupewa mwingine. Walilijuzisha kwa masharti: atoaye asidhurike dhara la kuyaharibu maisha yake, atoe kwa hiari yake, na kiungo kisiuzwe. Tazama jinsi walivyotahadhari. Mtu ataka kumpa nduguye kipande cha ini lake kwa mapenzi, na bado aambiwa: ngoja, tupime kwanza dhara lako. Ikiwa kutoa ini kwa hiari kwahitaji uangalifu wote huo, itakuwaje kwa yule achukuaye ini la mwenziwe kidogo kidogo, bila ya idhini yake, kwa gunia la mahindi, na juu ya hayo akalipwa? Huyu hakuna amwulizaye sharti hata moja.

Sasa turudi kwenye swali letu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Alipomwuliza mwenye chakula, alijibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka kilichorowa juu watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Watu huitaja habari hii kwa ajili ya mwisho wake. Sisi twaomba utazamwe pia mwanzo wake, nao ni ule mkono ulioingia ndani ya lundo. Hakuhukumu kwa punje za juu.

Mtu atasema: "Mwuza yule alijua, mimi sijui." Jawabu yake ni kuwa kutojua ni kwa namna mbili. Kuna asiyejua kwa kuwa elimu haijamfikia: bibi wa Kiambere aliyeyaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi, akawalisha wajukuu zake. Huyu hana lawama. Ana haki ya kufundishwa na kusaidiwa. Na kuna asiyejua kwa kuwa hataki kujua. Tangu mwaka 2004 habari hii imetangazwa. Mwezi wa Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumu hii hii. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo. Baada ya yote hayo, mfanyabiashara aliye na ghala, na asiyeingiza mkono ndani ya gunia kwa kuogopa atakachokikuta, hawezi kusema hakujua. Amejua kiasi cha kutosha kumfanya aogope, na hofu yake ni shahidi juu yake. Lawama huzidi kwa kadiri ya elimu na uwezo.

Wako wasemao kuwa kipimo kina gharama. Ni kweli, na duka dogo halilazimishwi lisiloliweza. Lakini kuanika mpaka nafaka ikauka barabara, kuinua magunia juu ya mbao yasiguse sakafu, kutenga punje zilizovunjika na zenye kuvu, na kulikataa shehena lililorowa njiani hata likiwa rahisi, hayo hayahitaji mtambo. Mwenye ghala kubwa na mwenye kinu cha kusaga, hao kipimo ni wajibu wao, na gharama yake ni sehemu ya mtaji kama ilivyo kodi ya ghala.

Kwa hivyo twawausia wenzetu mambo manne. Wenye biashara wasiwauzie maskini kwa bei ndogo mahindi waliyoyakataa kwa ajili ya nyumba zao. Wanunuzi waulize, wala wasione haya. Wazazi wahakikishe watoto wao wamechanjwa homa ya ini aina B, kwani chanjo hiyo imo katika chanjo za watoto wa Kenya tangu mwaka 2001. Na wale tunaowaamini kwa Zakatul-fitri na sadaka za Ramadhani, wanaponunua nafaka ya kuwagawia mafukara wa mjini au kuipeleka kwa wenye njaa huko bara, wafungue magunia na watie mikono ndani kabla ya kulipa. Qurani imetukataza kukusudia kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Magunia ya Ramadhani hununuliwa mapema. Jambo hili lianze hapo.

Wabillahi tawfiq.