Kushuhudia Haki Juu ya Watu Wako

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyejiharamishia dhulma, akaiharamisha na baina ya waja wake. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, huulizwa mara nyingi: je, yafaa kumtukuza asiyekuwa Mwislamu kwa jambo jema alilolitenda? Na swali huzidi uzito mtu huyo akiwa ni askari wa jeshi lililoingia nchi ya Waislamu kwa silaha. Tutasimulia khabari moja iliyothibiti, kisha tuipime kwa sharia yetu.

Mwaka wa 2003 majeshi ya Marekani na wenziwe yaliingia Iraki, wakalishika gereza la Abu Ghraib, karibu na Baghdad. Baadhi ya askari wa zamu wakawavua nguo mahabusi, wakawapiga, wakawatisha kwa mbwa, wakawatenda mambo ambayo kalamu yaona haya kuyaandika. Kisha wakajipiga picha nao, wakicheka. Askari wa kikosi hicho hicho, jina lake Joseph Darby, alimwomba mwenziwe picha za safari, akapewa diski, akayaona hayo ndani yake. Januari 2004 akazipeleka picha kwa wapelelezi wa jeshi: kwanza kwa bahasha isiyo na jina, kisha akajidhihirisha. Aprili ulimwengu ukaziona. Askari 11 wakahukumiwa, na kinara wao akapewa kifungo cha miaka 10.

Darby aliahidiwa kuwa jina lake litasitiriwa. Lakini Mei 2004 waziri wa ulinzi, Donald Rumsfeld, alilitaja hadharani mbele ya Baraza la Seneti, ilhali Darby yuko Iraki ameketi akila katikati ya askari wenziwe. Kwao wakatokea waliomwita haini, hatta yeye na mkewe wakauhama mji wao. Mei 2005 akapewa tunzo ya ushujaa itolewayo kwa jina la John F. Kennedy, huko Boston.

Basi sharia yasemaje? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, tusimamishe uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili yake, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Na katika Sura ya Maida, aya ya 8, ametukataza chuki yetu kwa watu isituzuie kuwafanyia insafu. Aya ya kwanza yatueleza uzito wa alilolitenda mtu huyu. Ya pili yatulazimisha kumpa haki yake, ingawa si wa dini yetu na jeshi lake hatulipendi.

Na Mtume wetu (s.a.w.) ametutangulia katika hili. Alihudhuria Hilfu-l-Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, kabla ya utume, na watu wa Makka waliofungamana kumsaidia kulla aliyedhulumiwa. Na baada ya utume aliendelea kuusifu mkataba ule. Tena alipowashika mateka wa Badr alimtaja Mut'im bin Adiy, aliyekufa katika ushirikina lakini alimpa himaya aliporudi Taif, akasema kuwa lau angalikuwa hai akawaombea mateka wale, angalimwachia.

Pengine mtu atasema: hiyo ni namima, na kuwafedhehi wenzio ni haramu. Twamjibu: Imamu Nawawi, katika maulamaa wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, ametaja mambo sita ambayo kwayo huhalalika kumsema mtu nyuma yake, na mawili ya mwanzo ni kushitaki dhulma na kutaka msaada wa kuondoa munkari. Kusitiri ni kwa aibu ya mtu na Mola wake. Anayempiga mfungwa aliyefungwa mikono hana sitara juu yetu. Mwenye kumsitiri ni mshirika wake.

Na Hisham bin Hakim, sahaba wa Mtume, alipita Sham akawaona wakulima wasiokuwa Waislamu wamesimamishwa juani, wamemiminiwa mafuta vichwani, kwa sababu ya kodi. Aliyewatesa alikuwa mtawala wa Kiislamu. Hisham hakusema hawa ni watu wetu, nyamazeni. Aliingia kwa amiri akamsomea hadithi ya Mtume, kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Na amiri akaamrisha wakaachwa huru.

Ndipo twasema kuwa mtu kama huyu ameitumikia amani. Vita havikwisha Iraki kwa picha zile. Lakini aliyedhulumiwa akiona dhulma yake imekubaliwa kuwa dhulma, na mwenye kuitenda amehukumiwa na watu wake mwenyewe, hupatikana njia ya sulhu. Pasipo ushahidi, kilichobaki ni kisasi, na kisasi hakina mwisho.

Lakini, enyi ndugu, sisi kumsifu Darby ni jambo jepesi, kwani aliowashuhudilia si watu wetu. Mtihani wetu uko hapa kwetu. Msimamizi alaye mali ya mayatima, nasi twala naye karamu. Mwenye kushika wakfu akauza minazi yake, nasi twasema ni mtu wa nyumba kubwa. Mwalimu apigaye watoto hatta akawaumiza, nasi twanyamaza kwa kuchunga jina la chuo. Kulla mmoja wetu anayo bahasha yake aliyoificha. Na Mwenyezi Mungu ametujulisha, katika Sura ya Baqara, aya ya 283, kuwa mwenye kuuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe ndimi zisemazo haki, na nyoyo zistahimilizo uchungu wake. Wabillahi tawfiq.