Pole ya Mzazi ni Yako Pia

Wanangu mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, neno hili ni lenu, na hasa wewe uliyefika mwezi wa tatu au wa nne tangu utoke wodini. Nguo zimekulegea, magoti yameacha kuuma, ngazi unapanda bila kusimama katikati kuvuta pumzi. Kisha asubuhi moja unatawadha, unapaka maji kichwani, viganja vinarudi na nywele. Ukichana, chanuo linajaa. Ukitandika kitanda, foronya nayo ni hivyo hivyo. Na huna wa kumwambia, kwa sababu wengi hawakujua hata kwamba ulifanyiwa upasuaji, na wachache wanaojua wana jibu moja: "Si ulitaka mwenyewe?"

Naanza na jibu hilo kwa kuwa linaumiza kuliko nywele zenyewe.

Nimesuka watu tangu ujana wangu, Tanga kwanza, baadaye Magomeni, na vichwa vilivyopita mikononi mwangu ni vya kila aina. Mzazi wa miezi mitatu au minne nilikuwa namtambua kabla hajaketi mkekani: kanga kaifunga mpaka kwenye nyusi, na akiifungua anatazama pembeni. Nywele zimepukutika mbele na ubavuni, ngozi inaonekana. Hakuna hata mmoja pale barazani aliyewahi kumwambia kwamba mimba aliitaka mwenyewe. Wakubwa walimpa pole, wakamwambia huo ni uzazi, nywele zitarudi, akasukwa mabutu mepesi, akambeba mwanawe akaenda zake. Na zilirudi. Wewe mwenye vikovu vidogo tumboni, kinachokutoa nywele ni kile kile kilichomtoa yule mzazi. Pole aliyopewa yeye ni haki yako pia.

Sikiliza jinsi mambo yenyewe yalivyo, maana hofu hukaa pale ambapo mtu hajaelezwa. Kichwani mwa mtu mzima, katika kila nywele 100, kama 85 hadi 90 zinaota na zilizobaki zimepumzika. Nywele huota kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kama miezi mitatu, kisha hutoka na kuipisha nyingine. Ndiyo maana hata mwenye afya tele hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na wala hajui. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, iwe ni kuzaa, homa kali, upasuaji, au kilo nyingi kuondoka kwa muda mfupi, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa mkupuo mmoja. Miezi mitatu baadaye, zote zinatoka pamoja. Aliyewekewa puto tumboni bila kukatwa naye yanaweza kumfika, uzito ukishuka kwa kasi.

Nyumba ikipungukiwa fedha, mama hununua unga kwanza. Rangi ya ukuta itasubiri. Mwili wako umefanya hivyo hivyo. Moyo, ubongo na ini vimepewa chao, kidonda kimepewa chake, nywele zimeambiwa zingoje. Kwa hiyo ile nywele iliyo kiganjani mwako leo haikutolewa na kitu ulichokula jana, wala na shampuu uliyobadilisha juzi. Safari yake ilianza wiki ile ya upasuaji.

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimewasikia mabinti wakijishtaki. Mmoja husema ni adhabu ya kuchezea maumbile. Mwanangu, ulikwenda kutibiwa. Sukari ni maradhi, presha ni maradhi, na uzito unaomnyima mtu usingizi na pumzi nao ni maradhi. Mwenye kutafuta tiba hana deni la kulipa kwa nywele zake. Mwingine husema anaona haya kulia, kwa kuwa ametumia fedha nyingi na afya imemrudia, basi anaogopa kuonekana hana shukrani. Huzuni na shukrani hukaa moyo mmoja. Unaweza kushukuru kwamba sukari imeshuka, na jioni hiyo hiyo ukalia kwa ajili ya nywele ambazo mama yako alikuwa akikusuka tangu ukiwa mdogo. Lia. Usijiharakishe kumaliza, na asikuharakishe mtu.

Kitu nisichokikubali ni kulia peke yako mlango ukiwa umefungwa kwa miezi.

Najua kwa nini unafunga. Kwetu mtu akikonda ghafla na nywele zikimtoka, watu hawamuulizi daktari; wanaulizana wao kwa wao. Wa kwanza atanong'ona kwamba ameathirika, wa pili atasema amerogwa, wa tatu atataja mume. Kwenye harusi mtu anakushika bega mfupa unasikika, anakutazama ushungi, anasema "shoga, una nini?" na macho yake yameshajibu. Hayo ni machungu ya kweli, na sitakwambia uyapuuze, kwani binadamu hawezi kupuuza kila kitu. Nakwambia uyapange. Chagua watu wawili au watatu wa kuwaambia ukweli wote: dada, rafiki wa kufa na kuzikana, shangazi asiyetoa siri. Mume mwambie mwenyewe, mapema, kabla hajaziona kwenye mto akajenga dhana zake. Mwambie: daktari anasema ni za muda, zinanihuzunisha, sihitaji ushauri, nataka unishike mkono. Wanaume wengi wakiambiwa wanachotakiwa kufanya hukifanya. Waliobaki, hao wa harusini, watosheleze kwa jibu fupi ulilolitayarisha nyumbani: "Nilikuwa kwenye matibabu, naendelea vizuri, ahsante kwa kunijali." Kisha uliza habari za wanawe. Siri ya mwili wako ni yako, na kuitunza si uongo.

Sasa nije kwenye yale ninayoyajua kwa mikono.

Usizihesabu. Nimeona mtu anaokota nywele moja moja sakafuni na kuziweka kwenye bahasha, na kila jioni moyo unamwenda mbio. Kama bibi yako alikufundisha kuzikusanya na kuzifukia, zikusanye ufukie, utulie; lakini hesabu iache. Halafu ujue hili: ukikaa na msuko wiki sita, nywele zilizotoka zenyewe siku zote hizo zilikuwa zimeshikiliwa humo humo ndani. Kwa nywele 50 tu kwa siku, siku ya kufumua utatoa zaidi ya 2,000, bonge zima mkononi, na hapo hujaumwa chochote. Mabinti wengi wamepiga kelele siku ya kufumua kwa jambo la kawaida kabisa.

Chukua nywele moja iliyotoka uitazame kwenye mwanga. Ikiwa ncha moja ina kinundu cheupe, imetoka na shina lake, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Ikiwa haina, na ni kipande kifupi, basi imekatika, na hapo lawama iende kwenye dawa ya kulainisha, pasi ya moto au rasta nzito. Kichwa kinachopukutika hakitaki kuvutwa. Mwambie msusi asikaze, na akikaza mpaka ukaumwa kichwa, simama uondoke, hata kama keshafika katikati. Nywele za kwenye kingo za uso zikivutwa miaka kwa miaka hufa moja kwa moja, na hizo hazina kurudi. Wigi la kuvaa na kuvua ni zuri. La kubandika kwa gundi liache kwa sasa. Ukitaka kunyoa, nyoa. Nimewanyoa wanawake wengi, na wengine waliinuka kwenye kigoda shingo imenyooka kuliko walivyokuja. Ila usiamue usiku wa kilio. Lala kwanza, amka, na kama bado unataka, mwite mtu unayempenda aje akae nawe.

Kuna kitu kimoja hunifurahisha kukitafuta, na wewe kitafute. Kama mwezi wa sita hivi au zaidi, pitisha kidole taratibu kwenye paji, pale nywele zinapoanzia. Utagusa vinywele vifupi vilivyosimama, urefu wa ukucha, vinavyokataa kushikwa na msuko. Hizo ndizo mpya. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukizitazama kila siku kiooni hutaona kitu. Piga picha moja kila mwezi, mahali pamoja, kwenye mwanga wa mchana. Kwa watu wengi kupukutika hupungua kati ya mwezi wa sita na wa tisa, na mwaka ukitimia kichwa huwa kimeshaanza kujaa.

Hofu ya nywele huwapeleka watu kwenye mambo mabaya, na haya yananitisha kuliko upara. Mtu anapakwa maji ya kitunguu mpaka ngozi inaungua. Anameza vidonge vya nywele vya kila duka. Mafuta ya nyonyo na ya habasoda yatakulainishia ngozi, na mkono wa mtu anayekupaka utakufariji, na hiyo ni faida kweli. Lakini hayawezi kuifuta ile amri ya mwili ya miezi mitatu iliyopita. Vidonge navyo vina hatari zake. Vitamini A ikizidi mwilini hupukutisha nywele, madini ya seleniamu nayo vile vile. Zinki ikizidi huuzuia mwili kupata shaba, na mtu akaishia na upungufu wa damu na ganzi miguuni. Hata bayotini, inayosifiwa kila saluni, inaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na vya tezi ya shingo. Ukiwa unaitumia, mwambie daktari kabla hajakutoa damu.

Dawa yako ipo kwenye sahani. Tumbo lako sasa ni dogo mno. Katika upasuaji ule wa kulikata kwa urefu, huondolewa robo tatu au zaidi. Kwa hiyo kinachoingia lazima kiwe na maana. Wataalamu wa lishe huwaambia wengi wafikishe angalau gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, basi hesabu mwenyewe uone kazi ilivyo. Anza na samaki, yai, kuku, dagaa, mtindi, maharage au choroko zilizopondwa. Ugali na wali vije mwisho, nafasi ikibaki. Chai ya rangi usiinywe pamoja na chakula wala na kidonge cha madini ya chuma, kwani huyazuia yasiingie mwilini. Chuma na kalisi vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Na vitamini ulizoandikiwa ni za maisha. Mwili kupendeza si ruhusa ya kuziacha. Ukiwa unatapika kila siku, usingoje tarehe ya kliniki. Kutapika kwa muda mrefu huondoa vitamini B1, na upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu na ubongo. Nenda siku hiyo hiyo.

Zipo pia nywele zisizosubiriwa. Zikitoka kwa mabaka ya duara, utosi ukiwasha au kuuma na ngozi yake ikang'aa kama isiyo na vinyweleo, au zikianza kupukutika mwaka ukiwa umeshapita, au miezi tisa ikipita bila dalili ya kupungua, hapo kuna jambo lingine, iwe upungufu wa chuma, tezi, au ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Ugonjwa wa utosi unawapata sana wanawake wenye asili yetu, na ukicheleweshwa huacha kovu.

Na moyo nao una kliniki yake. Wiki mbili zikipita hulali, huoni ladha ya kitu, hutaki kuonana na watu, au umeanza kutafuta pombe ya kukusahaulisha, usiseme ni nywele tu. Baada ya upasuaji huu pombe humpanda mtu haraka kuliko zamani, na huzuni ya baadhi ya watu huzama mpaka wakafikiria kujidhuru. Likikujia wazo hilo, mwambie mtu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na kesho akupeleke hospitali. Hakuna aibu hapo. Walikupima moyo kabla ya kukulaza kitandani; nafsi nayo inastahili kupimwa.

Nanyi mnaokaa na binti huyu nyumbani, msimtanie ushungi wake, msimtumie kila tangazo la mafuta, na lile neno la "si ulitaka mwenyewe" litoeni vinywani mwenu. Mpikieni samaki. Mfagilieni chumba kabla hajaamka.

Wewe mwanangu, siku ya kliniki usikae kwenye benchi na mtandio umeushika kidevuni ukingoja kuulizwa juu ya kilo peke yake. Ukiingia kwa daktari, vua mtandio, mwonyeshe kichwa chote, mweleze zilianza lini na unakula nini, kisha omba apime damu: akiba ya chuma, zinki, B12, foliki na tezi. Majibu ya vipimo hivyo ndiyo yatakayokwambia kama ni za kusubiri au ni za kutibiwa.