Jicho la Angani na Mkulima wa Sagalla

Tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California kwa roketi ya Falcon 9 ili iipigie Kenya picha kutoka juu. Wakenya tulijivunia, na ilikuwa haki yetu. Lakini fahari haijazi ghala. Ninalotafakari ni hili: maarifa yanayovunwa angani ni ya nani?

Hapa Taita Taveta swali hilo lina uzito wake. Zaidi ya nusu ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, na ndovu hawatambui mipaka ya ramani. Mwaka 2016, reli ya kisasa ya SGR ilipokuwa ikijengwa, ndovu 10 wa Tsavo walivishwa kola zinazotuma habari kwa setilaiti, ili ijulikane wanavuka wapi na wanazuiliwa wapi. Kule Wundanyi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wametumia picha za angani kufuatilia misitu ya milima yetu. Jicho la angani linatutazama tayari.

Hata hivyo, mkulima wa Sagalla, hapa kwetu, mwenye shamba la mahindi na pojo bado hukesha akililinda dhidi ya ndovu. Waliopata nafuu ni wale waliozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, maana ndovu huwaogopa nyuki. Mkulima hulinda mazao, tena hurina asali. Njia hiyo imefaa kwa sababu ilianzia kwenye shida yake.

Na anga haiko mbali nasi. Desemba 2024, pete ya chuma ya roketi, yenye uzito wa kilo 500 hivi, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, kaunti jirani. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Ikiwa hatari za angani huwaangukia wanakijiji, basi na manufaa yake yawafikie.

Maarifa ni amana. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, lisihesabu mafanikio kwa idadi ya setilaiti pekee. Lihesabu pia wakulima waliopata onyo la ukame au la ndovu mapema, kwenye simu zao, kwa lugha wanayoielewa. Nasi wananchi, tunapoulizwa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, tudai hilo bila kuona haya.