Seli za Daudi na daftari la mtaa

Kwetu Tandale ukifiwa au ukilaza mgonjwa, kabla hujamaliza kulia daftari limeshapita nyumba tatu. Jina, kiasi, sahihi. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwingine kilo mbili za mchele kutoka kibandani kwake sokoni. Mgeni hushangaa: mchango gani huo unaoandikwa? Si mkopo, maana hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Wala si sadaka, maana siku yake mwenzako ikifika daftari litafunguliwa, na ukijifanya umesahau mtaa mzima utakukumbusha.

Nimelifikiria sana daftari hilo kwa sababu ya fomu moja niliyomsomea mama anayelitunza. Mwanawe wa miaka saba alivimba taya. Mwanzo waliambiwa ni jino. Likang'olewa, taya likazidi kuvimba. Walipofika hospitali kubwa ikabidi kinyama kidogo kikatwe kipimwe, na hapo ndipo ikaja fomu. Kusoma anajua vizuri tu, ila siku hiyo macho yalijaa machozi, akanipa mimi. Karibu na mwisho paliandikwa kwamba kitakachobaki baada ya vipimo kinaweza kuhifadhiwa na kutumika katika utafiti. Akauliza, "Wanaandika wapi?" Nikamwambia, dada, weka sahihi, mtoto anasubiri. Akaweka.

Mimi ni mtu wa riwaya, udaktari siujui. Lakini usiku ule nilisoma mpaka kukakucha. Ugonjwa walioushuku una jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi wenye mataya kama ya huyu wetu. Vipande vya uvimbe wao vilipandishwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kwamba ndani ya seli zake wameona kirusi kipya. Leo kinaitwa Epstein-Barr. Jina la mtoto aliyekibeba halimo.

Wengine jina lilibaki, kwa namna yake. Mwaka 1967 zilichukuliwa seli za kijana wa Kenya wa miaka 16 mwenye ugonjwa huo huo. Zilikubali kuishi kwenye chupa, na mpaka leo zinaishi, zinagawanyika, zinauzwa na benki za seli kwa maabara za dunia nzima. Zinaitwa Daudi. Kuna nyingine, za mvulana wa Nigeria, zilizotangulia mwaka 1963. Hizo zinaitwa Raji.

Sasa kuna tiba ya kuhamisha seli za kinga. Mgonjwa anatolewa damu, zinachambuliwa seli nyeupe zilizo askari wa mwili, zinafundishwa maabara kuitambua saratani, zinazalishwa kwa mamilioni, kisha anarudishiwa kwa dripu. Kabla hazijafika kwa mgonjwa lazima zijaribiwe kama kweli zinaua, na mara nyingi shabaha ya kujifunzia ni hao hao Daudi na Raji. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hii mwaka 2017, kwa dola 475,000 dozi moja. Ipo pia ya virusi: seli za mtu mwingine mzima, zinazokijua tayari kirusi cha Epstein-Barr, anapewa mgonjwa aliyepandikizwa kiungo au uboho, akapata saratani inayoletwa na kirusi hicho. Ulaya waliiruhusu mwishoni mwa 2022. Yaani kirusi kilichoonekana kwanza kwenye uvimbe wa mtoto wa Uganda.

Niliwasimulia wenzangu kijiweni, kwenye kahawa. Mmoja akacheka: "Ukikamuliwa jipu, usaha nao unaudai?" Kila mtu akacheka, na mimi pia. Nilipofika nyumbani nikaona hoja yake si ya kupuuza. Yule kijana hakupungukiwa kitu. Walimtoa kilichokuwa kinamuua.

Ila daftari letu halijawahi kuuliza aliyetoa amepungukiwa nini. Mwenye mchele akitoa mabaki ya gunia yanaandikwa sawa na ya aliyejinyima. Kinachoandikwa ni kwamba shughuli ilifanyika kwa mkono wako pia.

Walipwe fedha, basi? Hapana, na hili nina hakika nalo. Mji huu kitu kikipata bei leo, kesho kina dalali. Nawaona kabisa wamekaa nje ya wodi wanakadiria vivimbe vya watoto wa watu. Malipo ninayoyafikiria ni ya aina ile ile ya mchango: kilichojengwa kwa seli zetu kije kifanye kazi kwetu, kwa mafundi wetu, kwa bei ya hapa. Na bei si amri ya Mungu. Wahindi wametengeneza ya kwao, ikaidhinishwa mwaka 2023, kwa sehemu ndogo tu ya ile ya Marekani.

Utaniambia, ndugu msomaji, watoto wengi wenye taya kama lile wanapona kwa dawa za zamani za bei nafuu, wakiwahi. Kinachowaua ni nauli na jino lililong'olewa bure. Kweli tupu. Ningekuwa na fedha ya kuchagua ningeanza na nauli. Lakini mtu hafutiwi anachodai kwa sababu leo ana njaa ya kitu kingine. Na wapo ambao dawa za zamani zinawashinda. Hao tuwaambie nini? Kwamba tiba ilijaribiwa kwa Daudi, ila wao si wateja?

Linaloniudhi zaidi ni langu mwenyewe. Aliniuliza swali zuri kuliko yote haya niliyoyasoma, nami nikamjibu kwa kumharakisha. Hata leo ningemwambia aweke sahihi. Utafiti ukikosa watoto wetu, dawa zitakazopatikana hazitawajua watoto wetu. Ila ningemjibu kwanza.

Dawa zimemkubali mtoto. Taya limerudi, anacheza chandimu na wenzake nyuma ya nyumba. Juzi nilipeleka mchango wa msiba, mama yake akaandika jina langu na elfu tano, kisha bila kuinua kichwa akaniuliza kama ile fomu tulipewa nakala. Hatukupewa. Hatukuomba.